Kinanda Kilichofundishwa Kungoja

Wifi yangu Dafina ana kichwa kigumu. Nasema hivyo kwa sababu nimegombana naye tangu siku ile aliyoolewa na mdogo wangu Kole. Tumegombana juu ya pilipili za kuchoma, juu ya pazia la sebuleni, juu ya jina la mtoto wao wa kwanza. Kwa hiyo nikimtetea hapa, asije mtu akaniambia ni mambo ya ukoo. Kuna mabwana huko Skopje, mji mkuu, wamemwita mvunja sheria, na mimi nilikuwepo wakimwita, nimesimama pale na mkoba wangu mkononi, na damu inanichemka mpaka leo.

Mimi naitwa Stojna. Naimba kwenye harusi hapa Berovo na vijiji vya jirani, tangu nikiwa msichana. Bendi yetu ni ya watu wanne: mimi mdomo, Ejup klarineti, Dafina kinanda, na Kole ngoma kubwa, ile inayoning'inizwa begani na kupigwa pande mbili, huku kwa rungu, huku kwa kifimbo chembamba. Kole alikuwa mpigaji ambaye watu walibadilisha tarehe ya harusi ili wampate.

Na ngoma kubwa huku kwetu haipigwi kwa kuhesabu. Inapigwa kwa kutazama mguu. Ikifika ile ngoma nzito wanayocheza wanaume kwa mstari, yule anayeongoza, mwenye kitambaa mkononi, anainua mguu mmoja na kusimama kwa ule uliobaki, na anakaa hapo kadiri roho yake inavyopenda. Klarineti inavuta. Watu wanashika pumzi. Pigo zito halianguki mpaka mguu wake uanguke, na vyote viwili vinatua pamoja. Mpigaji akiutangulia mguu, amemwaibisha kiongozi mbele ya wakwe zake. Kole hakuwahi kuutangulia mguu wa mtu. Wazee wengine walimchokoza makusudi, wanachelewesha mguu huku wamemkodolea macho, naye anawangoja tu, rungu liko hewani, anatabasamu kama mtu aliyekaa kwake barazani.

Kisha kiharusi kikampiga akiwa anapakua viazi. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaanza kumtoka moja moja. Hatukumwona akilia. Siku moja tu alimwambia Dafina aipeleke ngoma darini.

"Darini kuna panya," Dafina akasema.

"Peleka. Inaniangalia."

Dafina akaipeleka. Halafu, kwa kuwa watu lazima wale, akanunua kinanda kingine, maana chake cha zamani kilikuwa cha nyimbo tu. Alikinunua kipya, dukani, kwa risiti, baada ya kuuza ndama. Kwenye boksi waliandika kwa herufi kubwa kwamba ni toleo maalumu la Balkani, na chini yake wakachora mwanamume mwenye kitambaa mkononi na mguu mmoja juu. Kumbukeni hiyo picha. Kinanda chenyewe kilikuwa na ngoma ndani yake: ukibonyeza kitufe, kinapiga peke yake huku wewe unacheza wimbo juu yake. Kina mapigo ya huku kwetu pia, yale ya kuhesabu saba na kumi na moja ambayo wageni wakiyasikia wanajikwaa. Tukafurahi. Mjinga anafurahi mapema, nami nilikuwa wa kwanza.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa Metodija, mwenye kinu cha mbao. Metodija ni mtu wa maneno machache na shingo ngumu, na ngoma nzito ndiyo sala yake. Akashika kitambaa, akaongoza mstari, akainua mguu. Kinanda kikapiga. Mguu bado uko juu, kinanda kimeshapiga na kimeendelea, tik-tak tik-tak, kama saa ya stesheni. Dafina akahangaika kukizima, akakiwasha tena, kikapiga mahali pabaya zaidi. Metodija akatua mguu pasipo pigo, akayumba. Mmoja wa wakwe akacheka. Metodija akamkabidhi kitambaa mtu wa pili, akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa. Alipotupita wakati wa kuondoka hakutazama mashine, alimtazama Kole, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pembeni mwa jukwaa.

"Nilidhani nimemwalika Kole," akasema.

Nyumbani Kole alikataa chakula. Dafina aliweka bakuli la maharage mbele yake, likapoa, akaliondoa. Mimi ndiye niliyefoka. Nilisema turudishe hilo dude dukani na nikamtukana mchoraji wa boksi.

Sasa mjue kwamba Dafina alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mashati mpaka kilipofungwa. Zile cherehani za kompyuta zilipokuwa zinagoma, yeye ndiye aliyeitwa. Kwa hiyo hakukitazama kinanda kama mimi ninavyokitazama. Alifungua mgongo wake mezani, akachungulia, akasoma huku na kule kwenye kompyuta ya mtoto wake, akaandikiana na watu wa Bulgaria na Slovakia ambao hata sura zao hazijui. Ilivyokuwa ni hivi, kama alivyonieleza kwa uvumilivu ambao kwangu huwa hana: ndani ya kinanda kuna programu iliyowekwa kiwandani, ndiyo inayokiamrisha nini kipigwe na lini. Imefungwa kwa kufuli. Hakuna kitufe wala pedali inayoweza kuiambia ngoja. Ukitaka ingoje, lazima uingie mle ndani na kuandika upya mahali fulani.

"Na unaruhusiwa kuingia?" nikauliza.

"Kinanda cha nani?"

"Chako."

"Basi."

Baridi yote ile aliandika. Kole alikaa kwenye kochi, mwanzoni akijifanya haoni. Kisha akaanza kutoa amri. "Mapema," anasema. "Tena. Nzito zaidi." Dafina akachukua pedali ya cherehani ya zamani, ile bapa ya chuma, akaiunganisha na kinanda, akaisukuma mpaka chini ya mguu wa kushoto wa Kole, mguu mzima. Ukifika wakati wa pigo zito, kinanda sasa kinasimama. Kinakaa kimya, klarineti inavuta, na pigo halitoki mpaka Kole akanyage. Akikanyaga polepole linatoka zito, akigusa tu linatoka jepesi.

Siku programu ilipokubali nilikuwa jikoni kwao. Dafina alisimama katikati ya chumba na kuinua mguu wake mwenyewe, ameshika taulo la sahani badala ya kitambaa. Kole akautazama. Dafina akakaa hapo, anatetemeka, nusura aangushe kabati. Alipotua, pigo likatua. Kole akanigeukia na sura ambayo sikuwa nimeiona tangu viazi vile.

"Dada," akasema. "Umeona?"

Nikamwambia nimeona mwanamke mzima akicheza na taulo. Kisha nikatoka nje, maana machozi yangu huwa sipendi Dafina ayaone.

Tukarudi kazini. Si harusi zote, lakini vijijini habari ilitembea kwamba Kole anapiga kwa mguu. Mtu mmoja wa mji wa Kočani, mpiga kinanda mwenye koti la kung'aa, alikuja mpaka mlangoni kutaka anakiliwe ile programu, na alitaja hela ambayo ilinifanya nikae chini. Dafina akamkatalia.

"Ya kwangu nimeigusa kwa sababu ni yangu," akamwambia. "Nikikuuzia wewe, ninauza jasho la watu walioiandika. Nenda kafungue ya kwako."

Nilimwita mpumbavu kwa wiki nzima. Hakujali.

Mwaka huu mwanzoni mwa kiangazi Metodija akaja mwenyewe. Anamwoza kijana wake wa mwisho. Alisimama uani bila kuvua kofia.

"Nasikia unapiga kwa mguu," akamwambia Kole.

"Ndiyo."

"Nitakuja na wa kwangu. Ukinitangulia tena, Kole, sitaki kuwaona tena nyumba hii yote, na nitasema kanisani na sokoni."

"Njoo," Kole akasema.

Alifanya mazoezi kila asubuhi baada ya hapo. Alivaa kiatu kwa ajili ya mazoezi. Dafina anafua, anapika, na kila apitapo lazima ainue mguu mbele ya mumewe kabla hajaruhusiwa kuendelea na shughuli.

Jumatatu ya wiki ya harusi, vibonye viwili vya kinanda vikafa. Tatizo la vyuma tu, kitu cha ndani kimevunjika, na kipuri kinapatikana kwenye karakana ya kampuni peke yake, Skopje. Tukakituma na basi. Jumatano wakapiga simu: njooni wenyewe.

Aliyetupokea kaunta ni injinia mmoja anaitwa Srebren, kijana msafi, ndevu zimechongwa. Hakuwa mtu mbaya, nitamsemea hilo. Alituletea kahawa kabla ya kutuharibia siku.

"Mama, vibonye vimetengenezwa," akasema. "Lakini programu iliyokuwemo siyo yetu."

"Ni yenu," Dafina akasema. "Nimeirekebisha."

"Hairuhusiwi kurekebishwa."

"Na nani?"

"Na sheria ya hakimiliki. Kinanda ni chako, mama. Plastiki, waya, vibonye, vyote vyako. Programu ni ya kampuni. Wewe umepewa ruhusa ya kuitumia jinsi ilivyo. Siku ya kwanza ulipokiwasha kilikuuliza kama unakubali masharti, na ukabonyeza kwamba unakubali."

"Nilibonyeza kwa sababu bila kubonyeza hakiwaki."

"Hata hivyo ulibonyeza."

Nikaingilia. "Mwanangu, hayo masharti wewe umeyasoma yote?"

Akakohoa. "Sehemu yake."

"Mungu akubariki. Na ukinunua jaketi, mikono ikawa mirefu, unaipunguza au unamwandikia barua aliyelishona?"

"Jaketi si programu, mama."

"Naona. Jaketi angalau linamtosha mtu."

Dafina akanikanyaga mguu. Yeye alikuwa ametulia, na Dafina akitulia hivyo mimi huwa naogopa. Yule kijana akaweka karatasi mbele yake. Ilikuwa imeandikwa tayari: kwamba yeye aliyetia sahihi anakiri amevunja hakimiliki ya kampuni, kwamba anaomba radhi, kwamba hatagusa tena programu ya chombo hiki.

"Ukisaini, yanaisha hapa," Srebren akasema kwa upole. "Nisikilize. Kuna watu walikaa miaka wakiandika kitu hiki. Wana watoto. Kila mtu akikifungua na kukigawa, watakula nini?"

"Nimewalipa. Nimemgawia nani?"

"Sijui."

"Hakuna. Hata kwa hela nimekataa. Nina kinanda kimoja na mume mmoja, programu iko hapo katikati."

"Na usiposaini, inabidi nikizuie mpaka wanasheria wa kampuni waseme."

Tukaomba kutoka nje. Pale kwenye maegesho ya magari, Dafina akampigia Zagorka, aliyesoma naye shule na sasa ni wakili mjini Štip. Akaweka simu kwa sauti ili na mimi nisikie, maana alijua nisingemwacha.

Zagorka aliuliza maswali yake kwa haraka: kimenunuliwa kihalali, ndiyo, kuna risiti, ndiyo, programu imenakiliwa kwa mtu mwingine, hapana. Hapo akashusha pumzi.

"Hilo ndilo linalokuokoa," akasema. "Sasa sikia. Kwa ninavyoisoma mimi, sheria inamwachia upenyo mtu aliyenunua kihalali: anaweza kurekebisha kosa ili programu ifanye kazi iliyokusudiwa. Wao watasema hilo si kosa, ndivyo ilivyotengenezwa, na watauliza wewe ni nani hata uliite kosa."

"Boksi," Dafina akasema.

"Boksi gani?"

"Boksi lina picha ya mwanamume aliyeinua mguu. Wameniuzia mguu huo. Na kinanda hakiwezi kuungoja."

Zagorka akacheka, akasema hilo boksi tusilitupe kwa vyovyote. Lakini akaongeza kitu ambacho sikukipenda. Alisema wao wanaweza kujibu kwamba amevunja kufuli, na kufuli lina vifungu vyake. Alisema hawezi kuahidi ushindi, kesi za namna hii kwetu hajaziona, na mtu anaweza kuzeeka akiingoja hukumu. Jambo moja tu ndilo aliloliapia: kinanda chenyewe hawana haki ya kukizuia hata saa moja.

"Na karatasi yao?"

"Ukiisaini umejifunga mwenyewe. Ila ukikataa, nakuambia ukweli, Dafina, wanaweza kukushtaki. Nyumba yako iko kwa jina lako."

Tukarudi ndani. Dafina akaivuta ile karatasi, akaomba kalamu. Nikadhani anasaini. Aligeuza upande wa nyuma, usio na maandishi, akaandika, na aliposogeza karatasi nikaisoma juu ya bega la Srebren. Aliandika kwamba yeye Dafina Arsova, wa Berovo, amekinunua kinanda hiki na kukilipia, ameirekebisha programu yake kwa mkono wake, kwa matumizi yake nyumbani kwake na kazini kwake, na haombi radhi. Akaweka anwani na namba ya simu.

"Wakitaka kunishtaki wasihangaike kunitafuta," akasema. "Na sasa naomba mali yangu. Wakili anasema hamna haki ya kukizuia hata saa moja."

Srebren aliisoma mara mbili. Akaenda nyuma, akarudi amekibeba kinanda yeye mwenyewe. Alipokiweka kaunta alikuwa haangalii machoni.

"Mama, kuna jambo. Utaratibu wetu, chombo hakitoki hapa bila programu ya kiwandani. Tuliweka toleo jipya jana. Ile yako imefutwa. Na toleo hili jipya haliruhusu kurudi nyuma."

Hapo nilimtukana. Sitayarudia, nilikuwa nimesimama chini ya picha ya mtakatifu Kliment waliyoitundika ukutani. Nilimwambia kuna mtu Berovo amevaa kiatu anasubiri, na yeye amemkata mguu wake uliobaki. Kijana wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza," Dafina akamjibu. Akakibeba kinanda, tukarudi nyumbani.

Kole alikuwa kwenye kochi, kiatu mguuni. Dafina akamweleza bila kupunguza kitu. Kole alisikiliza, akatazama pedali sakafuni, kisha akaanza kuvua kiatu kwa mkono mmoja.

"Basi," akasema. "Acha. Nyumba."

"Nyumba imefanya nini?"

"Wataichukua."

"Waje waibebe. Vaa kiatu."

Wakabishana, kama mnaweza kuita kubishana wakati mmoja ana neno moja na mwingine ana mia. Kole alisema mwanzo hakujua, sasa amejua, sasa ni makosa. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia tangu augue, na nilimwona Dafina ikimwingia. Nami ilinichoma, maana ni kweli. Mara ya kwanza alifungua kitu chake tu. Safari hii amekatazwa usoni, ana anwani yake kwenye kaunta yao, na wakili amemwambia waziwazi kwamba huenda akashindwa.

"Kosa ni kumwachia mtu wa mbali aamue lini mguu wa Metodija utue," Dafina akasema. "Hilo ndilo kosa. Mimi nitafanya yangu."

Alhamisi asubuhi alitoa meza nje, akaiweka katikati ya uwanja, akafungua geti lote, mbawa zote mbili. Kila aliyepita barabarani akienda sokoni alimwona Dafina na mgongo wa kinanda umefunguliwa mbele yake kama samaki. Nakala ya kazi yake ya baridi alikuwa nayo kwenye kadi ya kumbukumbu. Tabu ilikuwa kuiingiza: lile toleo jipya lilikataa katakata. Kwa hiyo ilibidi aing'oe chipu yenyewe inayobeba programu, kitu kidogo kama punje ya dengu, miguu kibao, aiandike nje kisha airudishe. Akikosea, kinanda kinakufa kabisa na harusi ndiyo hiyo Jumapili.

Jirani yetu, polisi mstaafu, akasimama getini.

"Unafanya nini hapo, Dafina?"

"Navunja sheria, wanasema. Utanisaidia kushika taa?"

Mzee akavuta kiti, akashika taa. Mimi nilipika kahawa na kufukuza nzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakaa karibu na wifi yangu saa nyingi bila kumsahihisha. Aliing'oa, akaiandika, akaanza kuirudisha. Mguu mmoja wa ile chipu ulipinda. Akaacha, akaenda kunawa mikono, akakaa ngazini na kula kipande cha mkate na jibini, polepole, huku mimi nakufa. Akarudi akaunyoosha kwa sindano. Alipokiwasha, kikawaka. Kikamuuliza kama anakubali masharti.

"Bonyeza," nikasema, "kisha ukitemee mate."

Akabonyeza. Kole akaletwa nje na kiti chake, akatiwa pedali chini ya mguu, na polisi mstaafu akatakiwa ainue wa kwake. Pigo likatua pamoja naye.

Hadi leo kampuni haijashtaki. Imeandika mara moja, kuuliza kama programu ya kiwandani imerudishwa. Dafina alijibu kwa neno moja, hapana, na Zagorka alimfokea kwa simu kwa kutomshirikisha. Boksi liko juu ya kabati, limefunikwa na nailoni. Kama yuko upande wa haki au amekosea, atasema hakimu siku ikifika, na mimi nitakuwa pale mstari wa mbele.

Jumapili tulipiga kwenye bustani ya Metodija. Watu walishajua, geti wazi hufanya kazi kuliko redio. Ilipofika ngoma nzito, Dafina akanipokonya kipaza sauti, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Jamani, kabla hatujaanza," akasema. "Kinanda hiki nimekifungua mimi, Dafina, mke wa Kole. Wenye programu yao wamenikataza, nimekataa. Mwenye simu arekodi, mwenye kushtaki ashtaki. Anayepiga ngoma ni huyu hapa."

Metodija akatoka na kitambaa. Hatua za kwanza zikaenda. Kisha akainua mguu, na nikajua hapo hapo kwamba amekuja kulipiza. Hakuutua. Ejup alivuta klarineti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Metodija ana umri wake, goti lilianza kumtetemeka, lakini macho yalikuwa kwa Kole, makavu. Kole alikuwa ameegemea mbele, mguu wa kushoto juu ya pedali, haugusi. Jasho lilimshuka puani. Mkono wake mbovu ulikuwa mapajani, na nikaona vidole vyake vimejikunja kama vimeshika rungu. Mimi ni dada yake, nilimlea, nilitaka kumpigia Metodija kelele atue tu, atue.

Metodija akatua, na pigo likatua, kitu kimoja. Nililisikia tumboni.

Akainua tena. Akajifanya anatua, akaurudisha juu. Kole hakudanganyika. Akatua kweli, Kole naye. Mara ya tatu wanaume wote wa mstari walikuwa wanamtazama Kole badala ya kiongozi wao, na Kole alianza kutabasamu, tabasamu lile la zamani, upande mmoja tu wa mdomo kwa sababu wa pili haukubali.

Mwisho wa ngoma ni desturi kiongozi amtuze mpigaji, anachomeka noti kwenye kamba za ngoma. Metodija alikuja jukwaani na noti mkononi, akatafuta kamba, hakuna kamba. Akasimama. Kisha yule mtu wa shingo ngumu akapiga goti mbele ya Kole, akaichomeka noti ndani ya kiatu chake cha kushoto, akakipigapiga kile kiatu kwa kiganja.

"Nilimwalika Kole," akasema, "na amekuja."

Tukarudi na gari. Kinanda kilikuwa magotini mwa Dafina, amekikumbatia. Tulipofika, nikamsaidia Kole kushuka, akasimama uani ameshika bega langu, anatazama juu ya paa.

"Dafina," akaita.

"Unasemaje?"

"Ngoma. Ishushe." Akavuta pumzi kutafuta maneno mengine. "Iniangalie."